Mwongozo kamili: kumpima mbwa wa kunusa mabaki ya binadamu na anayemwongoza, kabla hujachimba popote

Watu wanafeli palepale kila mara. Analetwa mbwa, mtu anaficha kitu sehemu, mbwa anakipata, watu wanafurahi, kesho yake timu iko porini na ndugu wa aliyepotea wamesimama pembeni wanasubiri, mbwa anakaa chini sehemu tano, zinachimbwa zote tano, hakuna kitu. Au inatokea mbaya zaidi ya hapo, kitu kinapatikana kweli, halafu baadaye inagundulika kililetwa na mtu mfukoni.

Hayo ni matatizo mawili tofauti. La kwanza ni mwongozaji mwaminifu kabisa ambaye bila kujijua anamwonyesha mbwa wake pa kukaa. La pili ni tapeli. Ila utaratibu unaozuia moja ndio huohuo unaozuia lingine, na uzuri wake ni kwamba haukulazimishi kujua uliyenaye ni yupi. Kwa hiyo ukisikia kiongozi wa msako anasema "huyu tunamfahamu, ni mtu safi, hana haja ya kupimwa", hapo ndipo pa kusimamisha kazi.

Nimeuandika kwa wanaoongoza timu za kutafuta, wapelelezi, na hata familia inayotaka kujua iulize nini kabla haijaruhusu mtu aingie na mbwa.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kabla havijatimia.

- Harufu halisi ya binadamu, aina zaidi ya moja: damu iliyokauka, meno yaliyong'olewa, kondo la nyuma, udongo uliotoka chini ya mwili uliooza, mfupa mkavu. Vyote vipatikane kwa ridhaa na kwa kufuata sheria ya mahali ulipo, ulizia kabisa kabla, sehemu nyingi kukaa na mabaki ya mtu bila kibali ni kosa la jinai.
- Vitu vya kumchanganya mbwa: mifupa ya wanyama, nyama ya mnyama iliyooza, chakula, nguo iliyovaliwa na mtu aliye hai, glavu mpya.
- Makopo ya chuma au chupa za kioo zinazofanana zote, vifuniko vimetobolewa. Plastiki acha, inanyonya harufu na haiachii.
- Boksi zima la glavu za kutupa, na koleo ndogo za chuma.
- Vibendera vyenye namba, simu au kifaa cha GPS, kamera mbili.
- Kichupa cha poda ya kuangalia upepo unaelekea wapi.
- Fomu, bahasha za kufunga, na dadu au aplikesheni ya kutoa namba kwa bahati nasibu.
- Watu watatu wasio wa timu ya mbwa: mfichaji, mwandishi, na msimamizi wa kamera. Mfichaji asionane na hao wengine mpaka testi iishe.

Kuhusu hizo aina za harufu naomba usipitie haraka. Mbwa aliyepimwa kwa damu tu hujampima kwa mfupa mkavu, ni harufu mbili tofauti na ya mfupa mkavu ni dhaifu sana. Na kuna wanaofundisha kwa kemikali za dukani peke yake, kadaverini na putresini, wakati hizo zinatoka kwenye nyama yoyote inayooza, iwe ya mtu au ya mnyama. Mwili wa binadamu ukioza unatoa mchanganyiko wa mamia ya kemikali, na mbwa anatakiwa kuujua huo mchanganyiko.

## Hatua ya 1: anza na karatasi

Omba daftari la mazoezi. Cheti peke yake hakitoshi, hasa kama kimetolewa na kikundi ambacho mwongozaji mwenyewe ni kiongozi wake. Daftari ndilo linaloonyesha kila siku ya mazoezi, aina ya harufu, ilikaa muda gani, hali ya hewa, mbwa alipata au alikosa.

Daftari zuri lina makosa ndani yake. Mbwa anayefanya mazoezi magumu anakosa, anachanganyikiwa na upepo, anakaa pasipo na kitu. Ukipewa daftari ambalo kila mstari ni "amepata, amepata, amepata" basi ama mazoezi ni rahisi mno, ama yanayoandikwa ni yale ya kujisifia tu.

Halafu muulize maswali haya na uandike majibu kama yalivyo:

1. Mara ya mwisho mbwa wako kutoa ishara ya uongo ilikuwa lini?
2. Amewahi kupimwa ambapo wewe na wote mliosimama naye hamkujua jibu?
3. Kwa misako yote mliyokwenda, ishara ngapi zilithibitishwa na maabara, na ngapi hazikuthibitishwa?
4. Kuna kitu gani mbwa wako hawezi?

Swali la nne ndilo linalowafichua wengi. Mbwa hawezi kukwambia ni mwili wa nani, mwanaume au mwanamke, alikufaje, wala alikufa lini. Anachosema ni kimoja, harufu niliyofundishwa inafika hapa. Tena mbwa aliyefundishwa kwa damu na meno anaweza kabisa kukaa mahali ambapo mtu aliye hai alitokwa damu ya pua, yaani ishara sahihi kabisa na hakuna aliyekufa. Mwongozaji anayekwambia mbwa wake "ameona aliuawa hapa" muage kwa heshima, mwisho wa mahojiano.

Na sifa zikizidi, ongeza umakini. Sandra Anderson wa Michigan, Marekani, na mbwa wake Eagle walikuwa na jina kubwa, wakiitwa mpaka nje ya nchi, kwa sababu walikuwa wanapata vitu ambavyo wengine walikosa. Msako wa mwaka 2002 katika msitu wa Huron ndio uliomfichua, kumbe mifupa ilikuwa inapandikizwa. Mwaka 2004 alikiri makosa mahakamani na akahukumiwa kifungo cha miezi 21. Ile rekodi isiyo na doa iliyofanya watu wamwamini ndiyo iliyotakiwa kuwashtua.

## Hatua ya 2: ishara iandikwe kabla mbwa hajashuka kwenye gari

Mwongozaji aandike kwa mkono wake: mbwa wangu akipata, anafanya hivi. Anakaa, analala, au anabweka akiwa amesimama. Kitu kimoja kinachoonekana na mtu yeyote.

Sababu yake ni kwamba bila hiyo, kila kitu kinageuka kuwa ishara. Mbwa amegeuza kichwa, "ameona kitu". Mbwa amepunguza mwendo, "unaona anavyofanya kazi hapo". Mbwa amekojoa, hata hiyo nayo inapewa maana. Kuvutiwa na kutoa ishara ni vitu viwili, kuvutiwa kuandikwe pembeni, ishara ndiyo inayohesabiwa.

Umefanikiwa kama mtu asiyejua chochote kuhusu mbwa anaweza kuangalia video bila sauti na kusema, hapa ametoa ishara, hapa hajatoa.

## Hatua ya 3: panga uwanja, na sehemu kubwa iwe tupu

Hapa ndipo penye kosa kuu. Watu wanapima kama mbwa anaweza kupata, hawapimi kama anaweza kupita bila kukaa. Wakati porini karibu kila mita utakayotembea haina kitu! Mbwa anayejua kwamba kila akitolewa kuna kitu, na mwongozaji anayejua hivyohivyo, watakaa tu mahali fulani mwishowe.

Fanya testi mbili.

A. Mstari wa makopo. Makopo 8, mizunguko 10. Mizunguko 6 iwe na harufu ya binadamu kwenye kopo moja, mizunguko 4 isiwe nayo kabisa. Mpangilio utolewe na dadu au aplikesheni, usiuchague kichwani maana binadamu akichagua mwenyewe anaacha mtindo unaosomeka. Makopo yaliyobaki weka vitu vya kumchanganya, na mengine glavu mpya tu.

B. Eneo la wazi. Vipande vya ardhi visivyopungua 5, viwe mbalimbali ili upepo usipeleke harufu ya kimoja kwenye kingine, angalau viwili vitupu kabisa. Kama unazika harufu, chimba na ufukie mashimo ambayo hayana kitu pia. Hili wengi hawalifanyi. Udongo uliotibuliwa una harufu yake, mbwa anaujua, na mwongozaji anauona kwa macho kabisa, majani yamekatika, rangi imebadilika, unyevu umekuja juu. Bila mashimo matupu hujui mbwa amepata mwili au amepata jembe.

Mwongozaji aambiwe hivi na si zaidi: "Kunaweza kuwa na kitu, kunaweza kusiwe na kitu, kunaweza kuwa na zaidi ya kimoja." Idadi asitajiwe.

## Hatua ya 4: kuficha bila kuacha njia

Mfichaji afanye kazi wakati hakuna mtu mwingine, na afuate mambo haya.

Abadilishe glavu kila kopo, kuanzia makopo matupu na ya wanyama, na harufu ya binadamu iwe ya mwisho. Akigusa chanzo cha harufu ya binadamu halafu akashika kopo tupu, tayari ameharibu testi. Hii siyo hofu ya bure, kuna utafiti wa Hamburg, Ujerumani, uliotoka mwaka 2008, vipande vya zulia viliwekwa chini ya maiti iliyofunikwa blanketi la pamba, vingine dakika 2 tu, na mbwa watatu wa polisi waliweza kuvitambua vingi, vile vya dakika 10 ndiyo karibu vyote. Dakika mbili, bila kugusa mwili! Kwa hiyo kopo likishakaa sehemu, usilihamishe halafu useme pale sasa ni patupu.

Kwenye eneo la wazi atembee kila kipande kwa namna moja, vitupu na visivyo vitupu, asimame, ainame, achimbe, kote. Vinginevyo mbwa anafuata nyayo za mfichaji mpaka zinapoishia, anakaa, na wote mnaamini amepata harufu ya maiti.

Aache harufu itulie. Juu ya ardhi nusu saa angalau, vilivyozikwa acha masaa kadhaa au vilale kabisa. Achukue alama za GPS na picha, aandike ramani, aweke kwenye bahasha, aifunge, asaini juu ya gundi. Halafu aondoke. Asikae kwenye gari pale karibu wala kusimama mbali akiangalia, aondoke kabisa.

Umefanikiwa kama kwa wakati huu hakuna binadamu hata mmoja uwanjani anayejua jibu.

## Hatua ya 5: mtoe mbwa

Kwa nini nimesisitiza mfichaji aondoke? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo ya mbwa 18 wa kunusa dawa za kulevya na mabomu, wakiwa na waongozaji wao. Jengo halikuwa na harufu yoyote waliyofundishwa. Waongozaji waliambiwa tu kwamba karatasi nyekundu inaonyesha pale penye harufu. Misako 144 ilifanyika, iliyokwisha bila ishara hata moja ni 21 tu, na ishara za uongo zilikuwa zaidi ya 200, nyingi zikiangukia palepale penye karatasi. Hakukuwa na tapeli pale. Mtu akiamini kitu kipo mahali, mwili wake unasema, anapunguza hatua, anakaza kamba, anarudia kona ileile mara ya pili, na mbwa anasoma yote hayo maana ndiyo kazi aliyozaliwa nayo, kumsoma mtu wake. Ni sawa na kufanya mtihani mwalimu amesimama na kidole juu ya jibu.

Kwa hiyo:

1. Pima upepo kwa poda, andika mwelekeo, joto, na saa.
2. Mwandishi na mwenye kamera wasimame nyuma ya mwongozaji, mbwa asiwaone nyuso, wasiongee.
3. Kamera moja ifuate mbwa, ya pili ifuate mikono ya mwongozaji.
4. Mbwa akitoa ishara, mwongozaji aseme kwa sauti "ishara", kibendera kichomekwe, saa iandikwe. Mbwa asipewe zawadi bado, kwa sababu hakuna anayejua kama ni sahihi, na ukimpa zawadi kwa ishara ya uongo umemfundisha kudanganya.
5. Kipande kikiisha, mwongozaji aseme kimoja kati ya viwili: "kuna kitu" au "pako safi". Jibu la "sina uhakika" liandikwe kama lilivyo, lisigeuzwe baadaye.

Weka ukomo wa muda. Mwongozaji akirudia kopo lilelile mara tatu mbwa akiwa ameshalipita, andika idadi ya marudio, hiyo ni taarifa muhimu kuliko ishara yenyewe.

Mbwa akimaliza yote, mpe testi rahisi pembeni apate na azawadiwe, asikate tamaa.

## Hatua ya 6: fungua bahasha, hesabu

Fungua mbele ya wote, kamera ikiwa inachukua. Jaza namba nne: amepata, amekosa, ishara ya uongo, amepita patupu kwa usahihi. Usizichanganye kuwa asilimia moja ya "ufaulu", hapo ndipo uongo unapojificha.

Sasa soma namba zako kwa adabu. Kwenye mstari wa makopo 8, kubahatisha mara moja ni 1 kwa 8. Mara nne mfululizo ni 1 kwa 4,096, kwa hiyo mbwa akipata mizunguko yenye harufu, pua yake inafanya kazi, hilo halina ubishi. Ila kwenye sehemu tupu mambo ni magumu zaidi. Hata mbwa akipita sehemu tupu 30 bila kosa hata moja, kihesabu makosa yake ya kweli bado yanaweza kufika 10%. Ndiyo maana testi moja haitoshi, unakusanya mwaka mzima.

Na hiyo 10% siyo ndogo. Tuseme msako wa kweli una vipande 20 na mwili uko kwenye kimoja. Mbwa wako anapata 90% na anakosea 10% kwenye vitupu. Kwenye vile vipande 19 vitupu tegemea ishara karibu 2 za uongo, dhidi ya moja ya kweli. Yaani mbwa mzuri kabisa, mwongozaji mwaminifu kabisa, na katika ishara tatu moja ndiyo yenyewe. Wapelelezi wengi hawajawahi kuambiwa hili, wanaona cheti kinasema 90% wanafikiri kila ishara ina uhakika wa 90%.

Umefanikiwa kama unaweza kuandika sentensi moja ya kweli: mbwa huyu, kwa harufu hizi, katika hali hizi, amepata ngapi kati ya ngapi, na ametoa ishara za uongo ngapi kwenye sehemu tupu ngapi.

## Hatua ya 7: siku ya msako wa kweli

Taarifa. Mwongozaji apewe mipaka ya eneo na hatari zilizopo, basi. Asiambiwe mshukiwa alisema nini, wala simu ilizima wapi, wala jirani anasema alimwona nani na beleshi.

Eneo lipitiwe kwanza na watu kwa macho, mstari kwa mstari, na video ichukuliwe ardhi ikiwa haijaguswa. Hii ndiyo kinga yako kubwa dhidi ya kupandikizwa. Mfupa ukionekana saa tisa juu ya majani ambayo saa mbili yalipigwa video yakiwa hayana kitu, una swali la kujibiwa.

Ukaguzi wa wote. Mifuko, buti, soksi, mabegi, mkanda wa mbwa, pochi ya zawadi. Wote wanaoingia, na kiongozi wa msako akaguliwe wa kwanza ili mwongozaji asijione ameshukiwa. Mwaminifu analindwa na ukaguzi huu, kesho mtu akimsingizia kuna karatasi inamtetea.

Vifaa vya mazoezi. Sehemu hii ina mwanya ambao watu hawauoni. Waongozaji wengi wanatembea na vyanzo vya harufu kihalali, kwa sababu msako mrefu usio na kitu unamvunja moyo mbwa, kwa hiyo mwisho wa siku wanamwekea kitu akipate. Sawa, lakini vyanzo hivyo vihesabiwe asubuhi, vifungwe kwenye sanduku lenye lakiri ya namba, libaki na msimamizi, na zoezi la kumfurahisha mbwa lifanyike nje kabisa ya eneo baada ya kazi kufungwa. Jioni vihesabiwe tena, vilingane kimoja kimoja.

Mwongozaji asiwe peke yake hata dakika. Anafuatwa na mtu wa kamera hatua chache nyuma. Mbwa akitoa ishara, mwongozaji anarudi nyuma na mbwa wake, haokoti, hachimbui, hafukui majani. Wengine wanafanya hayo.

Mbwa wa pili. Aje baadaye, mwongozaji tofauti, vibendera vimeondolewa, hajaambiwa chochote. Ukirudi kwenye hesabu yetu, ishara za mbwa wawili wa kiwango hicho zikikutana sehemu moja, unatoka kwenye moja kwa tatu unafika karibu nne kwa tano. Lakini hiyo ni kama wa pili hajui ya wa kwanza, na kama hakuna mzoga pale unaowavuta wote wawili. Akishajua, ishara yake haina thamani yoyote.

Na ndugu wakiwepo, chagua mtu mmoja wa kuongea nao, asiwe mwongozaji. Maneno yawe ya namna hii: "Mama, mbwa ametoa ishara pale kwenye kibendera. Bado hatujui ni nini, inaweza isiwe kitu. Tutapakagua na mimi mwenyewe nitakuja kukwambia, kiwepo kisiwepo." Usiseme "tumempata". Kuna wazazi walioshaandaa mazishi kwa sababu ya neno hilo.

## Hatua ya 8: kikipatikana kitu, na kisipopatikana

Kikipatikana, kila mtu asimame. Picha kabla ya kugusa, karibu na mbali, rula pembeni, GPS. Mtaalamu wa mifupa ya binadamu akiangalie kikiwa palepale, kikiinuliwa kifungashwe na udongo wake, kila anayekipokea asaini.

Muulize mtaalamu mambo haya hasa:

- Udongo ulioganda kwenye mfupa unafanana na wa pale? Upande uliolalia ardhi una tofauti na uliotazama juu?
- Kuna vijizizi vilivyoingia? Majani chini yake yamebonyea na kufifia, au bado ya kijani?
- Kuna tundu lililotobolewa na mashine, waya, vanishi, namba iliyoandikwa, weupe wa dawa? Hayo ni ya mfupa wa kufundishia.
- Mbona ni vipande vidogovidogo tu, jino, kifupa cha kidole, na hakuna mwili uliobaki popote?
- Vyote vinatoka kwa mtu mmoja?

Usimwamini mbwa peke yake kwamba ni binadamu. Mwaka 2008 kwenye kisiwa cha Jersey, kwenye jengo lililokuwa kituo cha kulelea watoto cha Haut de la Garenne, msako uliotumia mbwa ulitoa kipande kilichotangazwa kwamba ni cha fuvu la mtoto, dunia nzima ikaandika. Baadaye uchunguzi ukaonyesha huenda ni mbao au kifuu cha nazi. Tangazo lilitangulia maabara.

Na kisipopatikana? Usikimbilie kusema mbwa kadanganya, harufu inasafiri, maji ya chini ya ardhi yanaishusha mteremkoni, upepo unaikusanya kwenye bonde au chini ya ukuta, kwa hiyo angalia upande wa juu wa mteremko na upande upepo ulikotoka, mrudishe mbwa siku nyingine asubuhi na mapema. Lakini kwenye rekodi andika "ishara isiyothibitishwa". Waongozaji wengi watakwambia "ni harufu iliyobaki, mwili ulikuwepo ukahamishwa". Inawezekana kweli. Shida ni kwamba maelezo hayo hayawezi kukanushwa hata siku moja, na ukiyaruhusu kuhesabiwa kama ushindi mbwa hatakosea tena maishani. Ishara isiyo na mwili, damu wala DNA inakuonyesha pa kutafuta, haifai kumpeleka mtu jela.

Kilichotokea Florida miaka ya 1980 kinatisha. John Preston hakuwa na mbwa wa maiti, alikuwa na mbwa wa kufuata harufu ya mtu, na alidai mahakamani mambo ambayo hakuna aliyempima. Mwaka 1984 jaji mmoja akaamua ampime mwenyewe, mbwa akashindwa. Lakini William Dillon alikuwa ameshafungwa kwa ushahidi wa mbwa huyo, akakaa ndani miaka 27 mpaka DNA ilipomtoa. Wilton Dedge, naye kwa ushahidi wa Preston, miaka 22. Testi ya siku moja ingetosha.

## Hatua ya 9: ukianza kushuku

Dalili zenyewe: anayeona kitu ni mwongozaji huyohuyo kila mara na siyo waliotembea naye, vitu vinapatikana jioni kabla ya kufunga, vinapatikana baada ya yeye kuinama kufunga kamba za kiatu au kumshika mbwa, na anakasirika ukimwekea mtu wa kamera. Moja peke yake haithibitishi chochote. Zikikutana, chukua hatua.

Usimkabili pale porini. Akijua, vitu vitapotea na wewe utaonekana mwenye chuki. Funga msako kwa sababu ya kawaida, hali ya hewa au muda. Kusanya kamera zote saa hiyohiyo, nakili video sehemu mbili. Hesabu vifaa vya mazoezi kwa lakiri mbele ya shahidi. Vitu vilivyopatikana vipelekwe maabara pamoja na ombi la kulinganisha DNA na vyanzo vya mazoezi vya mwongozaji na ya mwongozaji mwenyewe. Halafu ripoti kwa maandishi kwa mpelelezi mkuu wa kesi, siyo kwa mkuu wa kikundi cha mbwa.

Kisha rudi nyuma. Orodhesha kila msako aliowahi kushiriki, kila kitu alichopata yeye, na kila kesi ambayo kitu hicho kilifika mahakamani. Waendesha mashitaka na mawakili wa waliofungwa wapewe orodha hiyo, na familia zilizokabidhiwa mabaki ziambiwe na mtu ana kwa ana kabla hazijasikia kwenye redio. Daftari lake la mazoezi lichukuliwe lilivyo, na zile bahasha za testi ulizofunga na kusaini zikae kwenye kabati lenye kufuli, maana ndizo zitakazoitwa kwanza.